Poda ya Aliyeanguka Mtihani

Papa wangu ni fundi wa nguo, na mashini yake ya kushona iko barazani, hatua nne kutoka barabarani. Kwa hiyo sisi hatuna siri. Mwenye kupita anaona papa anashona nini, anakula nini, amenuniana na nani. Watu wengine wana ukuta mbele ya lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba. Sisi tuna kamba yenye suruali za watu.

Ninalisema hilo mapema, maana kuna watu wanaoniuliza mpaka leo kwa nini, siku majibu ya mtihani wa Serikali yalipotoka, sikufanya kama wanavyofanya walioanguka wote, yaani kuingia ndani, kufunga mlango na kuwa mgonjwa. Ugonjwa wa majibu tunaujua sana hapa Kisangani. Unaanza saa ileile yanapotoka, unaisha watu wakishasahau, na dawa yake ni kupelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto. Mimi sikuugua. Papa alikataa niugue.

Mtihani wa Serikali ndio ule wa mwisho kabisa, mwisho wa darasa la sita la sekondari. Ukipita una diploma, na mama wa jirani anaanza kukuita monsieur bila kucheka. Ukianguka unakuwa mfano: kila mtoto wa avenue, yaani mtaa wetu, akikataa kusoma, anaonyeshwa wewe. Mimi nilikuwa mfano tangu zamani, kwa sababu darasani kazi yangu ni kuchekesha, na hakuna kazi nyingine ninayoifanya kwa bidii kama hiyo. Siku moja, miezi michache kabla ya mtihani, niliigiza mwendo wa préfet, mkuu wa shule yetu, katikati ya uwanja: tumbo mbele, mikono nyuma, kikohozi kimoja kila hatua tatu. Wenzangu walicheka, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Nikageuka. Préfet alikuwa nyuma yangu, tumbo mbele, mikono nyuma. Akakohoa.

Papa aliitwa shuleni. Na bahati yangu ilivyo mbaya, jioni ileile tonton akapita kutusalimia. Tonton ni mdogo wake papa, ana chombo kikubwa cha mbao chenye injini ambacho kinashuka mto mpaka Barumbu na sabuni na chumvi, na kinapanda na samaki wakavu. Kwa miaka miwili alikuwa ananitaka kazini. Alisema mdomo wangu ni mali, kwamba ukiuza sabuni kwa mdomo ule hakuna mwanamke wa Barumbu atakayebaki mchafu, na kwamba shule inauharibu bure. Papa, ambaye hasira ya kuitwa kwa préfet ilikuwa bado inamchemka kichwani, akamwambia akianguka mtihani, umuchukue. Wakashikana mikono. Mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba; mchi ulisimama, halafu ukaendelea, polepole zaidi. Kwetu neno la mkubwa likishapewa mkono, hakuna mtu wa kulisogeza.

Donc, mambo yalikuwa wazi. Nikipita, diploma. Nikianguka, chombo, na shule imekwisha.

Sasa niungame jambo moja ambalo wenzangu wakilisoma watanicheka. Ninaipenda shule. Si hesabu, hesabu na mimi hatujuani. Lakini mtu wa kuchekesha anahitaji nini? Anahitaji watu hamsini waliokaa, wasioruhusiwa kutoka. Utawapata wapi kwenye chombo cha sabuni? Na tena, kulikuwa na saa za historia ambapo nilisahau kuchekesha kabisa. Nilikuwa nasikiliza tu, mdomo wazi, kama mtu mwenye akili. Nilificha jambo hilo vizuri sana. Hata mwalimu wa historia hakulijua.

Nilisoma? Nilisoma, kwa mtindo wangu. Kwenye insha nilianza vizuri, halafu nikaandika nusu ukurasa juu ya viatu vya msimamizi, ambavyo vilikuwa vinalia kama bata kila akipita. Nilikuwa na hakika msahihishaji, mtu aliyechoka, atanishukuru. Kwenye maswali ya kuchagua, kila niliposhindwa nilichukua jibu la tatu kati ya matano, kwa sababu liko katikati na halina kiburi. Nilishindwa mara nyingi. Nilitoka mule nina furaha, nikamwambia papa iko sawa. Akaniangalia muda mrefu, kama anavyoangalia mteja anayesema hajanenepa.

Siku yenyewe, mwaka uliopita, habari ilifika asubuhi: majibu ya mkoa wetu yametoka. Majibu yanakuja kwa simu. Unatuma namba ya mtahiniwa, ile ndefu, halafu unangoja ujumbe. Papa alikuwa ameiandika namba yangu kwa chaki yake ya kushonea, ukutani, juu ya mashini, tangu wiki iliyotangulia, ili asiipoteze. Hakufikiri kwamba ukuta wa barazani ni gazeti. Muuza makala, yule wa mkaa, aliituma. Kijana wa moto, pikipiki ya abiria, aliituma. Mwenye duka la dawa alitoka na koti lake jeupe, akaisoma kwa sauti, akaituma. Mtandao ulikuwa umejaa, hakuna aliyejibiwa, lakini wote walibaki pale mbele yetu, simu mkononi, kama watu wanaongoja mkate utoke.

Mimi nilikuwa ninamwangalia papa. Alikuwa amekaa kwenye mashini tangu aliporudi kuswali alfajiri, anakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Nilisogea. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Alikuwa anashona hewa. Na alikuwa amevaa nguo mbili: juu shati la kazi, lile lenye pini kifuani, na chini yake, kola ikichungulia, shati lake jeupe la Idi. Alikuwa amejiandaa kimyakimya. Hakumwambia hata mama. Mtu mzima, fundi, mwenye kofia, alificha furaha yake ndani ya shati ili ikija isimkute uchi.

Lupango letu lina nyumba mbili. Ya pili ni ya familia iliyotoka Isangi, watu wa mto na wa kanisa, na binti yao tulikuwa darasa moja. Ujumbe wake uliingia kwanza. Amepita. Alipiga kelele moja, mama yake akapiga ya pili, na kabla ya kelele ya tatu lupango lilijaa.

Kwetu anayepita anamwagiwa poda kichwani, ile nyeupe ya watoto wachanga, kopo zima, mpaka anafanana na mtu aliyelala kwenye gunia la unga wa fufu. Ndivyo mji unavyojua: unaona weupe unapita barabarani, unapiga makofi. Wanawake wa kanisa walimwaga, wakaimba, wakapiga masufuria. Wengi wao hawakutujua nani ni nani. Walichojua ni kwamba lupango hili lina watoto wawili wa mtihani. Mmoja wao akanifikia, kopo mkononi, anahema, akaniuliza: na wewe?

Jibu sahihi lilikuwa fupi. Bado, mama, ninangoja. Lakini mimi nikiona watu wengi wanaimba, akili inaniambia ninarudi sasa hivi, halafu hairudi. Niliinamisha kichwa.

Akamwaga. Mwingine akaongeza. Poda iliingia masikioni, puani, ndani ya shati. Nikainua mikono, nikacheza, nikatembea mwendo wa préfet na tumbo mbele, watu wakalia kwa kicheko. Mama alitoka nyuma ya nyumba na mikono ya pondu, akapiga vigelegele. Na papa alisimama. Aliangalia simu yake, ambayo ilikuwa haijasema kitu, akaniangalia mimi, akaangalia tena simu. Halafu aliamini. Nilimwona anaamini. Alifungua vifungo vya shati la kazi kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye kamba kati ya suruali za watu, na akasimama pale katika shati la Idi, mikono imelegea, hajui aiweke wapi.

Nimefanya vituko vingi na sijutii hata kimoja. Kile ninakijuta.

Ujumbe ulifika kwenye simu nne kwa mpigo. Hilo ndilo baya la namba kuandikwa ukutani. Muuza makala aliangalia simu yake, akaangalia chini. Kijana wa moto aliwasha moto yake na kuondoka bila abiria. Mwenye duka la dawa akakumbuka kwamba ana duka. Papa alisoma herufi kwa herufi, midomo ikitembea, akampa mama simu. Mama hakuhitaji kuisoma. Masufuria yalinyamaza, si yote pamoja, moja moja, la mwisho likiwa la bibi kizee mmoja ambaye hakuona vizuri na aliendelea kupiga mpaka mtu akamshika mkono.

Échec, yaani ameanguka. Neno moja tu. Sijui kwa nini wanalituma kwa gharama yetu.

Mama wa yule binti, mwanamke mwenye roho safi, alikuja haraka na ndoo ya maji na kunong'ona ninawe kabla watu hawajaona. Mama yangu alikuwa ameshanishika mkono ananivuta mlangoni. Alikuwa tayari na mpango wote; nilimsikia akiusema chini ya pumzi: wiki mbili ndani, halafu ng'ambo, Lubunga, kwa shangazi, tutasema ana malaria. Nami nilikuwa ninafuata. Sikuwa shujaa. Nilitaka chumba chenye giza na mlango.

Papa akasema hapana. Hakupaza sauti. Alivuta kiti cha wateja, kile kidogo, akakiweka mbele ya baraza, upande wa barabara.

"Kaa hapa," akaniambia. "Ile poda, nani aliiomba?"

"Mimi, papa."

"Bon. Iko yako. Hautanawa."

Mama alimwomba. Alimwambia mambo mengi ambayo yote yalikuwa na akili: kwamba ananiaibisha, kwamba anajiaibisha yeye, kwamba avenue itaongea mpaka mvua za mwaka mwingine. Papa akajibu kwamba avenue imeshaongea, simu nne zimeongea, sasa inabaki sisi tuongee. Akakaa kwenye mashini. Nilifikiri atarudisha shati la kazi. Hakulirudisha. Alitia uzi kwenye sindano akiwa na shati la Idi, akachukua suruali, na mara ya kwanza siku ile akashona kitu kweli.

Basi tukakaa. Mimi mweupe kama mzimu, yeye nyuma yangu anakanyaga. Na kwa kuwa mji mzima ulikuwa nje unatafuta watu weupe wa kupongeza, kila aliyepita alisimama. Mwendesha toleka akapiga kengele ya baiskeli yake, akasema félicitations. Papa akasema asante, alianguka. Wasichana watatu wakapiga makofi. Papa akawaambia alianguka. Alisema kwa sauti ileile anayomwambia mteja njoo kesho kutwa. Mzee mmoja wa msikitini alisimama, akainua mikono, akaniombea dua ndefu, elimu, maisha, ndoa njema. Papa aliacha mashini kwa heshima mpaka mwisho.

"Amina," akasema. "Alianguka."

Mzee alifikiri kidogo, akasema dua haipotei, akaenda.

Jambo la ajabu ni hili: mara tano za kwanza neno lile lilinichoma. Mara ya sita likawa neno. Kufika ya kumi nilikuwa ninalisubiri, na ya kumi na moja nikalisema mwenyewe kabla ya papa. Alipiga mshono mrefu bila kusimama. Hakunisifu. Lakini mguu wake ulibadilika, niliusikia.

Kama saa nane mchana tonton akafika kutoka bandarini. Koti jeusi, saa ya kung'aa, simu imezimika tangu asubuhi kwa kukosa umeme. Aliona nini? Aliona mtoto mweupe kutoka kichwani mpaka viatuni na kaka yake katika shati la Idi. Alinikumbatia mpaka koti lake likawa ukuta uliopakwa chokaa. Alisema mimi nilikuwa nasema, sema si nilikuwa nasema, damu yetu haianguki. Alisema basi, nimeshindwa, sabuni zangu nitaziuza mwenyewe, chombo kinaondoka kesho alfajiri bila wewe. Akavua saa yake na kunivalisha mkononi. Ilikuwa nzito. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chombo kinaondoka alfajiri. Kufika kwake Barumbu, kuuza, kurudi, ni wiki na wiki. Mtu akinyamaza tu, si kudanganya, kunyamaza, niko salama. Neno la papa halijavunjika, shule haijaisha. Mama alikuwa mlangoni nyuma ya tonton, na macho yake yalikuwa yananiambia, yanamwambia papa, wazi kuliko mdomo: nyamazeni wote wawili. Nami mdomo wangu, ule wa kuuza sabuni, ulikuwa umefungwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nilimwangalia papa.

Mashini ilisimama.

"Alianguka," papa akasema.

Tonton alicheka. "Nani alianguka?"

"Mutoto. Mtihani. Ujumbe iko hapa, soma."

"Na hii poda?"

"Alijipakisha mapema, mbele ya ujumbe kufika."

"Na hii shati?"

"Shati iko yangu."

Tonton alisoma ujumbe. Halafu alinifungua saa mkononi, bila ukali, kama muuguzi anayeondoa bandeji, akaivaa. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akajipangusa koti, likazidi kuwa jeupe. Alipozungumza hakuwa na furaha. Ninataka nimtendee haki, hakuwa na furaha hata kidogo. Alisema basi, nitayarishe begi, atanipitia kabla ya alfajiri.

Papa akasema siendi.

"Kaka, ulitoa neno. Nilikupa mukono hapa hapa."

"Nilitoa. Leo ninalirudisha. Waambie watu wote wa bandari kwamba kaka yako iko mutu wa maneno mawili, nami nitakuitikia."

Sijawahi kusikia mtu mzima wa kwetu akisema vile. Mama alitoka mlangoni akaja kusimama pembeni ya mashini. Nilifikiri tonton atainuka aondoke, lakini alibaki anamwangalia papa kana kwamba papa ndiye aliyepakwa kitu usoni.

Ndipo papa akasema jambo ambalo mimi, mwanawe, katika nyumba isiyo na siri, sikuwa nimelisikia. Na yeye pia alianguka. Mtihani huohuo, miaka mingi iliyopita. Baba yao alimwingiza chumba cha ndani siku ileile, akamweka humo hata jua halimwoni, kisha akavushwa mto kwenda Lubunga kwa shangazi, angoje watu wasahau. Wakasahau. Shule nayo ikasahau. Wenzake walioanguka pamoja naye, wale waliokuwa hawana shangazi, walirudi darasani, wakarudia, wakapita. Mmoja leo ni mwanasheria anayeletwa hapa na dereva kupimwa suti. Yeye alifundishwa mashini huko ng'ambo ili asikae bure. Alisema anaipenda mashini yake sasa, lakini haikuanza kuwa kazi. Ilianza kuwa maficho.

"Mtihani haukunitoa shule," akasema. "Kufichwa ndiko kulinitoa. Na wewe unajua. Ni wewe ulikuwa unasimama mulangoni unawaambia watu kaka yangu amesafiri."

Tonton alikuwa mtoto wakati ule, miaka minane au tisa. Alisema polepole kwamba alikuwa ametumwa. Papa akasema najua ulitumwa. Tonton akasema alikuwa anapewa kipande cha muwa kila jioni kwa kazi ile. Papa akasema hilo hakulijua. Wakaangaliana, wakubwa wawili wenye ndevu, na mimi katikati yao naona kicheko kinanijia kwa sababu ya ule muwa, nikakibana kwa meno mpaka poda ikanidondoka kichwani.

Mama wa yule binti ndiye aliyetuokoa. Alileta sahani za wali na samaki kutoka kwenye sherehe yao, bila kuuliza nani amepita na nani ameanguka, akampa tonton ya kwanza. Mtu hawezi kukataa samaki wa mwenzake. Tonton alikula. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: na akianguka tena?

"Utakuja," papa akasema. "Utanikuta."

Tonton akaaga. Aliniambia nimwombee safari, akaniita mwongo mweupe, akaenda bandarini na koti lake la chokaa. Njiani, nasikia, watu wawili walimpongeza.

Msifikiri baada ya hapo papa alinikumbatia. Aliniambia bado hajanisamehe ile dakika niliyomwacha aamini, na kwamba hajui itachukua muda gani, nisiulize. Kisha alimaliza suruali aliyokuwa anashona, akaipiga pasi ya makaa, akaikunja katika gazeti na kunipa. Ilikuwa ya préfet. Nimpelekee nyumbani kwake, na nikimkabidhi nimwambie aliandike jina langu darasa la sita. Nikasema nitanawa kwanza. Akasema hapana. Nikiulizwa njiani, nijibu. Nikimdanganya mtu hata mmoja atajua, kwa sababu wote, kabla ya Ijumaa, watapita hapa.

Nilitembea mji mzima mweupe, na nguo za watu kwapani. Mwendesha toleka mmoja alinisimamishia baiskeli, akaniambia panda, leo wenye poda ni bure. Nikapanda. Kwa kuwa ninamjua papa, nilipofika katikati ya safari nikamwambia ukweli. Alishika breki. Alifikiri, mguu mmoja chini, akasema basi nishuke, lakini nusu niliyokwisha kupanda ananiachia, kwa sababu na kuanguka ni kazi. Nikampigia makofi mimi.

Préfet alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake na wazazi waliokuja kushukuru. Aliniona kwa mbali, akaanza Kifaransa kizuri cha pongezi, halafu nilipokaribia akanitambua na Kifaransa kikamkauka.

"Lakini wewe," akasema, "si ndiye—"

"Ndiye mimi, préfet. Nilianguka. Suruali yako hii. Papa anasema uandike jina langu darasa la sita."

Wazazi wale walitazama viatu vyao. Préfet alinizunguka mara moja, mikono nyuma, tumbo mbele, na ninaapa nilikuwa na kila sababu ya kucheka na sikucheka. Aliuliza nani alinipaka. Nikamweleza, hata kule kuinamisha kichwa. Alikohoa. Alisema walioanguka wanamjia mwezi wa tisa, wiki ya mwisho, jioni, na tonton mmoja wa kuwaombea, wakisema walikuwa wagonjwa. Katika miaka yake yote hajapata mmoja aliyemjia siku yenyewe, mchana, peke yake, na poda kichwani. Alisema hajui kama ni ujasiri au ni ujinga. Nikamwambia ni papa.

Hakuwa na daftari la shule pale nyumbani. Alichana kipande cha lile gazeti lililofunga suruali, akaandika jina langu kwa kalamu, akalikunja na kulitia mfukoni mwa shati. Sikuondoka mpaka nilipoliona limeingia.

Mwezi wa tisa nilienda. Darasa lilikuwa limejaa watoto waliokuwa nyuma yangu, waliokuwa wananiogopa mwaka mmoja kabla, sasa tumekaa bega kwa bega. Walijua yote. Mwalimu alipoingia kuandika tarehe ubaoni, mmoja mfupi wa nyuma, mwenye sauti ambayo bado haijaamua kuwa ya mwanamume, aliuliza kwa nguvu ili wote wasikie kama ni mimi yule wa poda.

Nikasimama. Nikageuka, watu hamsini wamekaa, hawaruhusiwi kutoka. Nikasema ndiyo, ni mimi, na nilianguka, na mwenye swali lingine anyooshe mkono kwanza.